Kona ya Kazi za Mikono: Hesabu Nyuzi Kabla ya Kuuza Kamba

   Tunashukuru kwa barua mlizotuma. Zote tumezisoma, hata zile ambazo hatukupata nafasi ya kuzijibu.

Mwezi huu tumechagua barua moja tu, maana imetugusa. Mama mmoja ametuandikia hivi:

"Mimi ni mama wa watoto watano, asili yetu ni Nyanza-Lac. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa kamba na nyavu. Sasa mwanangu wa miaka 17 anashinda kwa mzee jirani anayesuka kamba kwa nyuzi za magunia. Kwenye masomo moyo haupo tena. Anasema tukirudi nyumbani atafanya kazi ya kamba ziwani kama baba yake. Ninyi mliofanya kazi hiyo, niambieni ukweli: hiyo ni kazi, au ni kupoteza muda?"

Mama, asante. Umeuliza watu wenyewe. Sisi wa kona hii kamba imetulisha miaka mingi, kwanza kwa mikono pale mwaloni, halafu kwa mashine kwenye karakana. Tutakujibu, lakini tuvumilie kidogo. Jibu letu ni refu, na ndani yake kuna kosa letu wenyewe ambalo hatujawahi kuliandika.

KAMBA TUNAIJUA SOTE

Wengine watasema, "Kamba ni nini? Kamba ni kamba tu." Hapana. Wengi wenu mliokuja mwaka 2015 mnakumbuka Kagunga. Mlima nyuma, ziwa mbele, watu maelfu kwa maelfu mchangani, na kipindupindu katikati yetu. Meli ya Liemba ilikuwa inasimama mbali kidogo, kwa sababu pale hapakuwa na gati. Tulipelekwa kwa mitumbwi mpaka ubavuni mwa meli, na pale katikati ya mawimbi kitu kilichoushika mtumbwi usiende na maji kilikuwa kamba. Meli ilichukua watu kama 600 kwa safari moja kwenda Kigoma. Hesabuni wenyewe ni mara ngapi kamba zile zilirushwa, zikakazwa, zikafunguliwa. Hakuna aliyeuliza nani alizitengeneza.

Na kwetu kule, kuanzia Rumonge kushuka mpaka Nyanza-Lac, kamba ndiyo nusu ya uvuvi. Mnaujua wavu wa kuinua: mitumbwi miwili imeunganishwa kwa miti, taa zinawaka juu ya maji, zamani karabai, siku hizi taa za betri na sola. Ndagala wanafuata mwanga. Wavu umeshashushwa chini kabisa. Wakishakusanyika, watu wanavuta kamba wote pamoja, pole pole, kwa kipimo kimoja, mpaka wavu unatokea na fedha inang'aa ndani. Kamba moja ikikatika, upande mmoja wa wavu unalala, ndagala wote wanatoka, na usiku wa watu wengi unakuwa bure. Mafuta yameungua, watoto nyumbani wanasubiri.

KUSOKOTA NI KIMOJA, KUSUKA NI KINGINE

Zamani kamba ilitoka porini na shambani: magome ya miti, nyuzi za migomba, makuti. Halafu ikaja katani. Mkonge wenyewe si wa Afrika. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida, Marekani, na iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo 62 Tanganyika ikawa nchi ya mkonge, na Tanga ikawa na viwanda vya kusokota kamba. Katani ni nzuri kwa kufunga mizigo na mifugo. Lakini ndani ya maji inavimba, na ikikaa na unyevu inaoza. Ndiyo maana mvuvi alipoona nailoni hakurudi nyuma.

Sasa sikilizeni tofauti. Kamba ya kusokota ni nyuzi zilizozungushwa pamoja, kwa kawaida mafungu matatu, kila fungu likimkumbatia mwenzake. Ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kuunga. Ubaya wake, ukiining'inizia mzigo inataka kujisokotoa, mzigo unazunguka, na kamba inaweza kujikunja vifundo.

Kamba ya kusuka ni kama nywele. Akina mama mnajua: huwezi kusuka kwa kuzungusha upande mmoja tu, lazima nyuzi zipishane, huyu juu, yule chini. Kamba ya namna hiyo haizunguki, inapita vizuri kwenye roda, na haiumizi sana mikono ya mvutaji. Nyingine ina moyo ndani: nyuzi zimelala katikati zimenyooka, na msuko unazifunika kama koti.

MASHINE INAVYOFANYA KAZI

Mashine ya kusuka kamba ukiiona mara ya kwanza unacheka, maana ni kama ngoma. Juu ya meza ya chuma kuna bobini zimesimama, tuseme 16. Kila bobini imejaa uzi, na imekaa juu ya kigari kinachopita ndani ya njia iliyochongwa kwenye chuma. Bobini 8 zinakwenda kulia, 8 zinakwenda kushoto. Zinapishana: mara hii unapita ndani, mara ijayo unapita nje. Chini yake ni gia tupu, zinazopokezana vigari bila kugongana. Nyuzi zote zinapanda juu na kukutana kwenye tundu moja. Hapo ndipo kamba inazaliwa, na gurudumu linaivuta juu taratibu.

Kazi ya fundi ni nini basi, kama mashine inafanya yenyewe? Ni mingi.

Kwanza, kuweka mvuto wa nyuzi sawa. Kila bobini ina springi yake. Springi moja ikichoka, uzi wake unalegea, na uzi uliolegea haubebi kitu. Wenzake wanabeba mzigo wake. Kamba inaonekana nzuri, lakini ndani kuna mvivu mmoja.

Pili, kulinganisha mwendo wa bobini na mwendo wa gurudumu la juu. Gurudumu likivuta haraka, msuko unakuwa mrefu na mlegevu. Likivuta polepole, msuko unabana, kamba inakuwa ngumu kama fimbo na inakula uzi mwingi. Fundi anabadilisha gia, anasuka mita chache, anapima kwa rula misuko mingapi iko ndani ya sentimita 10, anaandika kwenye daftari. Bila daftari hakuna ufundi, kuna kubahatisha tu.

Tatu, kusikiliza. Mashine yenye njaa ya mafuta inalia. Kigari kilicholika kinagonga. Fundi mzuri anajua kwa sikio kabla ya jicho. Lakini kelele ni nyingi, zaidi kama mashine ziko kumi chumba kimoja, na wenzetu wengine walitoka pale masikio yameharibika. Kama kuna vizibo vya masikio, valia. Nywele funga. Kitenge na mikono mirefu ya shati iwe mbali na gia. Na usitie mkono kwenye mashine inayotembea, hata kama bosi ana haraka. Vidole haviungwi kama uzi.

Nne, na hii ndiyo itatupeleka kwenye kosa letu: kuna kiwaya kidogo kwenye kila bobini. Uzi ukikatika au ukiisha, kiwaya kinaanguka na mashine inasimama yenyewe. Inakuambia, "Fundi, njoo, nimepungukiwa."

KOSA LETU

Tulikuwa kwenye karakana moja kule ziwani, jina tutaliacha. Tulilipwa kwa mita. Uzi wa siku zile ulikuwa mbovu, unakatika kila mara, mashine inasimama kila mara, na mita haziongezeki. Basi usiku mmoja tukafanya ujanja. Tulivifunga vile viwaya juu kwa kamba ndogo, mashine isisimame. Tulisema tutaangalia kwa macho wenyewe.

Lakini mtu wa usiku anachoka. Tukapiga soga, tukasinzia kidogo. Asubuhi tukaona bobini moja ni tupu. Iliisha saa ngapi? Hatukujua. Kamba tulikuta imejikunja kwenye pipa, nzuri kabisa kwa nje, ya nailoni, inang'aa. Tukatazamana. Hakuna aliyesema tuikate. Tuliiweka pamoja na nyingine, ikauzwa.

Ukihesabu haraka utasema, uzi 1 kati ya 16, hasara ni ndogo. Sisi tulijiambia hivyo hivyo. Lakini msuko si hesabu ya kujumlisha. Uzi mmoja ukikosekana, majirani zake wanakosa wa kuwashika, wanahama, wanasuguana, mmoja anabeba zaidi ya mwenzake. Mahali pale panakuwa pabovu, na wahenga walishasema kamba hukatikia pabovu.

Baada ya majuma machache ulikuja upepo wa kusi. Wavuvi walikuwa wanavuta mitumbwi yao nchi kavu. Kamba ikakatika. Na nailoni, wapendwa, ina tabia ya kunyumbuka: inavutika sana kabla ya kukatika, halafu inarudi kama risasi. Ilimpiga mwanaume mmoja usoni. Jicho moja halikuona tena.

Alikuja karakana baadaye, kitambaa kimefunga nusu ya uso. Tulidhani anakuja kupigana. Hakupigana. Aliweka kipande cha kamba juu ya meza, akakifumua ncha, akasema, "Hesabuni." Tukahesabu mbele yake. Moja, mbili, tatu… kumi na tano. Akahesabu tena yeye mwenyewe kwa jicho lake moja. Kumi na tano. Kisha akauliza, "Mlijua?"

Tulisema ndiyo. Hatukuwa na neno lingine. Tuliomba msamaha na tulichanga pesa za matibabu, kidogo kidogo, kwa miezi mingi. Msamaha alitupa. Jicho hatukuweza kumpa. Tangu siku ile hatujafunga kiwaya cha mashine yoyote.

Tunaandika haya leo kwa sababu kijana yule wa barua anajifunza kusuka, na mwalimu wa kusuka atamfundisha vidole. Na mambo haya pia lazima ayasikie.

JARIBU KAMBA KABLA YA KUIAMINI

Kwa wote mnaonunua au kutengeneza kamba, hata ya kuteka maji kisimani au kufunga hema, shikeni haya machache.

Tupa kipande kidogo ndani ya ndoo ya maji. Kikielea, huenda ni polipropilini, ile ya magunia. Kikizama, huenda ni nailoni au polista. Zote zina kazi yake. Inayoelea ni nzuri kwa maboya, lakini jua linaila upesi. Ukiona inatoa unga na vinyweleo, imeshazeeka, usining'inizie mtu wala mzigo juu ya watu.

Choma ncha kidogo, nje ya nyumba, mbali na watoto. Katani na pamba zinaungua kama karatasi na kuacha majivu. Hizi za kiwandani zinayeyuka na kudondoka. Tone lile ni moto sana, lisikuguse.

Fumua ncha, hesabu nyuzi. Halafu tembeza vidole kamba nzima, mita kwa mita. Mahali pembamba, mahali laini kuliko pengine, hapo simama.

Fundo linapunguza nguvu, mara nyingi karibu nusu. Kamba nzuri yenye fundo baya ni kamba mbaya. Jifunze kuunga kwa kufuma ncha ndani ya kamba. Muungo wa namna hiyo unabakiza sehemu kubwa ya nguvu.

Na kamba ikiandikwa inabeba kiasi fulani, mara nyingi maana yake ni siku ile itakatika, tena ikiwa mpya. Usipakie kiasi hicho. Gawanya kwa 5 au zaidi. Kama binadamu yuko chini yake, gawanya kwa 10.

SASA JIBU LAKO, MAMA

Ni kazi. Tunakwambia bila kuficha: ni kazi ya kweli. Mradi kuna ziwa, kutakuwa na kamba.

Lakini usimwache kijana akae kwa mzee peke yake. Mzee atampa mkono. Mashine inataka na kichwa. Anayeijua hesabu ya gia, anayesoma maandishi ya kwenye boksi la uzi, kwa Kiswahili, Kifaransa au Kiingereza, ndiye atakayeajiriwa kama fundi mitambo. Asiyesoma atabaki kujaza bobini. Kujaza bobini si aibu, tulianzia hapo, lakini isiwe mwisho. Hutapata darasa linaloitwa "kusuka kamba". Atafute mekanika au umeme, popote nafasi itakapopatikana, na jioni akakae na mzee. Aliyejua gia za mashine moja hapotei kwenye mashine nyingine: ya kamba, ya nyavu, ya kamba za viatu, ya utambi wa taa. Zote ni dada na kaka.

Mwambie pia ziwa lina sheria. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi wa Ziwa Tanganyika miezi mitatu, kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Ni makubaliano ya nchi nne za ziwa hili: Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia. Mtu wa kamba asiyejua hilo atalala njaa. Anayejua ataweka akiba, na wakati mitumbwi iko nchi kavu ndiyo wakati wa kutengeneza vilivyochakaa.

Mwisho tuseme neno gumu. Wengi wetu asili yetu ni Rumonge na Nyanza-Lac, na tunajua yaliyowakuta waliotutangulia. Watu walikimbia pale mwaka 1972, wakarudi baada ya miaka thelathini na zaidi, wakakuta shamba lina mtu mwingine, na michikichi waliyoiacha imezeeka mikononi mwa wengine. Mwaka 2006 serikali iliunda tume ya ardhi, CNTB, na kesi zilikuwa nyingi kupita kiasi. Wengine walipata, wengine waligawana, wengine walikosa. Hata mikoa imebadilika: tangu 2025 Nyanza-Lac iko mkoa wa Burunga, si Makamba tena. Na miaka ya karibuni maji ya ziwa yalipanda yakaingia nyumba za ufukweni.

Hatusemi haya kumtisha mtu asirudi, wala kumsukuma arudi. Hilo kila familia itaamua yenyewe. Tunasema tu: shamba unaweza kulikuta au usilikute. Ufundi unakwenda na wewe, ukirudi, ukibaki, ukipelekwa nchi ya mbali. Hauhitaji lori, haupimwi kilo pale mpakani.

Kwa hiyo mama, mruhusu. Lakini mpe masharti mawili. La kwanza, asiache masomo. La pili, kila kamba anayoimaliza ailete nyumbani kabla ya kuiuza, aifumue ncha mbele yako, na muihesabu wote wawili kwa sauti. Wewe huhitaji kujua kusuka. Unahitaji kujua kuhesabu tu. Akizoea kuhesabu mbele ya mama yake, atahesabu hata usiku akiwa peke yake na mashine.

Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutaongea juu ya kutunza cherehani wakati wa vumbi. Mwenye swali aandike, hata kwa mistari miwili, aweke kwenye sanduku la barua kama kawaida. Na wazee wanaojua kuunga kamba kwa njia za zamani, tafadhali jitokezeni. Vijana wapo, muda upo. Tusiondoke na ujuzi huo kimya kimya.